Koti la Mkurugenzi katika Jengo Lisilo na Viti

Iko nchi moja ambayo haimo kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo, la. Ni kubwa ya kutosha kupotea mtu pamoja na faili lake. Haimo kwa sababu siku wachora ramani walipofika kuipima, waliambiwa mhusika katoka kidogo, wakae kwenye benchi wamsubiri. Wakasubiri siku tatu, biskuti zao zikaisha, wakaenda kupima nchi ya jirani.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo ilikuwepo Wizara ya Mambo Yanayoshughulikiwa. Hakuna wizara iliyoizidi kwa ukubwa, kwa kuwa kila lililoshindikana kwingine liliishia huko likaanza kushughulikiwa, na jambo likishaanza kushughulikiwa katika nchi ile hakuna tena mwenye haki ya kulalamika kwamba halijafanyika.

Humo, katika Idara ya Vibali, alifanya kazi Bi Sikudhani Mtawali, katibu muhtasi wa miaka thelathini na minane, mwenye mwandiko mzuri na magoti mabovu. Barua yake ya ajira iliorodhesha kazi kumi na saba, lakini kwa kweli kazi yake ilikuwa moja: kutunza koti.

Koti lenyewe lilikuwa la sufu, la kijivu, limepauka bega la kushoto kwa jua la dirishani. Lilikuwa mali ya Mkurugenzi wa Vibali, Bwana Athanasi Ngwembe, aliyelitundika kwenye mgongo wa kiti chake asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini akasema anatoka kidogo. Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo Bi Sikudhani alimwona mara nne, na mara zote nne alikuwa akipitia barua za mialiko ya semina.

Asiyeijua nchi ile ataona huo ni uzembe. Si uzembe, ni sheria. Waraka Namba Tisa wa Mahudhurio, uliotundikwa ukutani ndani ya fremu, ulisema kwa herufi nene: OFISA AMBAYE KOTI LAKE LIPO, YUPO. Waraka huo ulijadiliwa na kamati ya makoti ishirini na mawili, ukapita bila kupingwa.

Basi kila asubuhi Bi Sikudhani alilipiga koti brashi, akalinyoosha kola, akalielekeza dirishani kama mtu anayewaza. Baada ya chakula cha mchana aliligeuza kidogo, likatazama mlango kama mtu aliyeshiba. Mfuko wa nje aliuchomeka kalamu. Mfuko wa ndani ulikuwa na muhuri wa idara, ambao Mkurugenzi aliusahau humo siku ile ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kuingiza mkono kifuani pa mkubwa. Lilikuwa koti hodari. Mara nane lilimletea mwenyewe Tuzo ya Mahudhurio Bora.

Aliyelisumbua kuliko watu wote alikuwa mkunga mmoja, Bi Semeni Lugoda, kutoka kijiji cha Ngarambo, ng'ambo ya Mto Lukwale. Alikuja kila mwezi, viatu mkononi kwa kuogopa kuchafua sakafu.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

"Yupo, ila katoka kidogo."

Bi Semeni akaligeukia koti. "Na wewe hujambo?" Akangoja. "Kimya kile kile. Kwetu asiyeitikia salamu ama kafa ama kanuna. Huyu kafanya lipi?"

"Mkubwa huyo, mama. Usimtanie."

"Simtanii, namjulia hali. Miezi kumi na minne nakuja hapa, si tumekuwa ndugu?"

Watu wa Ngarambo walikuwa wamejijengea zahanati. Walifyatua matofali wenyewe, wakabeba mabati vichwani. Serikali nayo ikaleta vitanda viwili, sanduku la dawa, muuguzi na kufuli. Kufuli ndilo lililofika kwanza. Muuguzi alivaa ufunguo shingoni, vitanda vilikuwa ndani, wagonjwa walikuwa nje, na kilichobaki kilikuwa karatasi moja tu, Kibali cha Kufungua Mlango, chenye sahihi ya Mkurugenzi Aliyepo.

"Kwani hamwezi kufungua tu?" Bi Sikudhani aliwahi kumwuliza kwa sauti ya chini, koti lisisikie.

"Mwenyekiti wa kijiji cha jirani alifungua yao. Kafungwa miaka miwili. Hakimu alisema kafungua maendeleo kabla ya wakati wake."

Safari hii Bi Semeni hakuondoka upesi. Alishika ncha ya kanga yake akaionyesha. Ilikuwa imefungwa mafundo tisa madogo, yamepangana kama shanga.

"Hawa ndio wangu wa mwaka huu," akasema. "Tisa. Wote watajifungua masika. Na masika Lukwale unajaa, pantoni halivuki, hospitali ya wilaya inabaki kuwa hadithi. Mwaka jana wawili niliwazika ukingoni, wameshika tiketi za pantoni mkononi. Mwambie mwenzako huyo. Mimi hanisikii."

Akaondoka. Bi Sikudhani alikitazama kibali juu ya meza ya Mkurugenzi. Alikichapa yeye mwenyewe, miezi kumi na minne iliyopita, bila kosa hata moja. Kila asubuhi alikipuliza vumbi.

*

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waziri wa Mambo Yanayoshughulikiwa alikuwa amekwenda ziara ya siku tano ughaibuni, akaonyeshwa ofisi yenye bembea. Alirudi mtu mwingine. Usingizi hakuupata, chakula hakikupita. Kila alipofumba macho aliona watumishi wa umma wakibembea.

Akaitwa msanifu majengo, Lotasi Mwakipande, kijana mwenye miwani ya rangi mbili, kijani kushoto, zambarau kulia. Msanifu akazunguka wizarani nusu saa, akatoka analia.

"Mheshimiwa," akasema, "nimehesabu viti elfu moja na mia mbili. Watu wako wataumba vipi, ilhali wamekalia viumbio vyao?"

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo mpango ukapitishwa.

Jengo jipya likainuka katikati ya mji, ghorofa tisa, umbo la yai lililosimama. Likaitwa Kiota cha Ubunifu. Siku ya uzinduzi, wiki mbili baada ya Bi Semeni kuonyesha mafundo yake, kulikuwa na brasibendi, maturubai, na watoto wa shule waliosimama juani tangu alfajiri wakipunga vibendera. Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akanguruma, "kiti ni nini?"

Watu wakatazamana. Wengi wao walikuwa wamesimama.

"Kiti," Waziri akajijibu, "ni kaburi la fikra lenye miguu minne! Tumetawaliwa na viti, tumeahirishwa na viti, tumechelewa kwa sababu ya viti! Kuanzia leo, ndani ya jengo hili, hakuna kiti! Kimoja hakimo! Serikali yenu haitakaa tena!"

Makofi yakalipuka. Baada ya hapo Waziri akaketi kwenye kochi lake, akapunga mkono.

Msanifu akawatembeza wageni. Kila idara, alieleza, itaishi ndani ya jambo lake. Idara ya Barabara ilipewa sakafu yenye mashimo. Idara ya Ukame ilipewa maporomoko ya maji yasiyokatika mchana na usiku. Idara ya Dharura iliwekwa katikati ya vichochoro vya kupotezana, ili anayeifikia awe amekwisha kutulia. Dawati la Wazee na Wenye Ulemavu liliwekwa juu ya ukuta wa kupandwa kwa kamba, lipate kuwatia watu wale moyo wa kupambana. Meza hazikuwa na miguu, kwa kuwa zilining'inia kwa minyororo kutoka darini. Mafaili yalizunguka jengo zima ndani ya vikapu vilivyofungwa kwenye waya, usiku na mchana, bila kusimama.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza mwandishi mmoja wa habari.

"Hayaendi," msanifu akamjibu kwa upole. "Yanazunguka. Kwenda ni fikra ya zamani."

Kulikuwa na lifti pia, nzuri ajabu, imechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, watu wakawa wanaibonyeza. Kupanda ilikuwa kwa njia iliyozunguka jengo kama njia ya mlimani. Kushuka ilikuwa kwa mtelezo wa plastiki uliomshusha mtu kutoka ghorofa ya tisa hadi mapokezi kwa sekunde kumi na mbili. Na badala ya lile benchi la wananchi, ambalo Bi Sikudhani alilijua tangu utoto wake, mapokezi yalijaa bembea.

Idara ya Vibali ikapangiwa ghorofa ya tisa. "Kibali ni kilele cha matumaini ya mwananchi," msanifu akasema, "na kilele kina baridi." Akawasha viyoyozi vinne. Kuta zilipakwa rangi ya theluji. Kwenye kona alisimama mbuzi wa plasta, naye alionekana kujuta.

*

Siku ya kwanza ya kazi, saa mbili kamili, Bi Sikudhani aliingia na koti mikononi akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akazunguka mbuzi.

Hapakuwa na pa kulitundika.

Akachungulia idara ya jirani. Kila ghorofa makatibu muhtasi walikuwa wamesimama kama wazazi wenye watoto wachanga, makoti kwapani, macho yamewatoka. Makoti mia mbili na kumi na manne, na kiti hata kimoja hakimo. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, hakuna aliyeweza kusema ni nani yupo na nani hayupo.

Wengine wakajaribu kutandika makoti sakafuni. Lakini koti sakafuni maana yake mkubwa kaanguka, na wakurugenzi wawili wakaitiwa gari la wagonjwa. Wengine wakayafunga kwenye minyororo ya meza. Ikaonekana kama wakubwa wamenyongwa, Waziri akapita akasema hapana, bado. Idara ya Mifugo ililivalisha koti sanamu ya ng'ombe, na kwa muda wa saa moja na nusu hakuna aliyegundua tofauti.

Siku ya pili gazeti likaandika ukurasa wa mbele: WIZARA HAINA MTU. Nchi ikataharuki. Watu ambao hawakuwahi kuhudumiwa hata siku moja wakaanza kuulizana watahudumiwa na nani.

Jioni ile ikatoka amri: hadi msanifu atakapobuni suluhisho, kila katibu muhtasi atalishika koti la mkubwa wake kwa mikono miwili, kimo cha bega, saa zote za kazi, kwa heshima.

Siku ya tatu Bi Sikudhani alilishika koti tangu saa mbili. Saa tatu mabega yakawaka. Saa tatu na nusu yakazizima. Viyoyozi vinne vilimpulizia uso kwa pamoja, meno yakagongana, mvuke ukamtoka mdomoni. Mzee Pongwa wa masijala alipita akivuta kikapu kilichokwama, kajifunga taulo kichwani.

"Dada Sikudhani, umekuwa wa buluu."

"Kaka Pongwa, nikifa waambie nilikuwa na heshima."

"Utakufaje kwa baridi na koti unalo? Umeona wapi mtu anakufa kiu, na mtungi kaubeba kichwani?"

Bi Sikudhani akalitazama koti. Lilikuwa zito, la sufu, limepigwa brashi kila siku kwa miaka kumi na moja. Akatazama mlangoni, hakukuwa na mtu. Akaingiza mkono wa kulia. Akaingiza wa kushoto. Akafunga vifungo.

Mzee Pongwa, ambaye alikuwa amemwona dakika hiyohiyo akilivaa, alisimama wima akavua taulo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Pongwa, wacha mzaha."

"Sina mzaha, Mkurugenzi," akasema Mzee Pongwa, na uso wake haukuwa na mzaha. Kidole chake kilielekea ukutani, kwenye fremu ya Waraka, iliyohamia huku na idara. "Koti lipo. Mimi ni nani nibishane na Waraka?"

Akatoka kinyumenyume, akiinama.

Haukupita muda, mlangoni ikasikika hodi. Bi Semeni aliingia viatu mkononi, kanga imelowa mabegani. Alikuwa amepanda njia yote ya ghorofa tisa.

"Wameniambia nipande bembea nisubiri," akasema. "Nimebembea tangu juzi. Kichefuchefu nilichokipata hata wajawazito wangu hawakijui." Akakodoa macho. "Mwanangu. Koti hilo si la yule bwana?"

"Ndilo, mama. Ni baridi tu."

"Mvua imeanza kwetu. Pantoni likivuka hadi keshokutwa, tushukuru." Akainua ncha ya kanga. Bi Sikudhani akahesabu bila kutaka. Yalikuwa manane.

"Wa tisa?"

"Mtoto alitangulia wakati wake, njiani kuelekea mtoni. Mama kapona." Akainua uso, macho makavu. "Nikuulize. Koti likiwepo, yeye yupo. Si ndivyo ulivyoniambia miezi yote hii?"

"Ndivyo."

"Ulikuwa unanidanganya?"

Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwuliza Bi Sikudhani swali hilo, hata yeye mwenyewe. Akikubali kwamba alidanganya, alidanganya kila siku ya kazi tangu ana miaka ishirini na saba. Akikataa, basi kuna mtu amevaa koti ndani ya ofisi ile, na mtu huyo ana kalamu mfukoni. Akili yake ikamwendea kwenye chumba chake cha kupanga, kwenye mama yake aliyemtegemea, kwenye yule mwenyekiti aliyefungua mlango akafungwa. Kisha ikarudi kwenye mafundo manane.

"Sikukudanganya, mama," akasema. "Yupo."

Kibali kilikuwa juu ya meza inayoning'inia. Akaishika meza kwa kiwiko isiyumbe, akachomoa kalamu. Palipoandikwa Sahihi ya Mkurugenzi Aliyepo akatia sahihi. Kisha, pole pole, akaingiza mkono kifuani pa mkubwa, akatoa muhuri. Wino ulikuwa umekauka, akaupulizia pumzi ya moto mara tatu, akagonga. Sauti ile ilisikika ghorofa mbili chini, ambako watu walidhani kuna kitu kimevunjika.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" Bi Semeni akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Miezi kumi na minne."

"Ndiyo, mama."

Bi Semeni akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akavaa viatu vyake kwa mara ya kwanza ndani ya wizara. "Njia fupi ya kutokea iko wapi?" Akaonyeshwa mtelezo. Akaketi, akafunga kanga vizuri, akaenda. Sekunde kumi na mbili baadaye kibali kilikuwa kimetoka wizarani.

*

Masijala wakagundua saa nne. Kikapu namba mia tatu na sita kilizunguka na jalada la Ngarambo, na kibali chake mezani kwa Mkurugenzi hakipo wala hakisubiriwi tena. Mzee Pongwa mwenyewe alivuta king'ora.

King'ora kilibuniwa kiwe sauti ya chiriku, kisitie watu hofu. Jengo likaimba chiriku hadi adhuhuri. Wapita njia wakasimama wakasema, jamani, serikali imependeza.

Kamati ya Uchunguzi iliketi kesho yake, ila kwa kuwa kuketi kulipigwa marufuku, ilisimama ndani ya Dimbwi la Maridhiano. Hicho kilikuwa chumba cha mikutano, kimejazwa mipira midogo ya rangi hadi kifuani. Wajumbe walikuwa saba, watatu watu na wanne makoti. Waziri alikuwa mwenyekiti. Kando yake, juu ya mpira wa njano, ilikuwepo simu. Upande wa pili wa simu hiyo mkuu wa wilaya ya Lukwale alikuwa akisubiri neno moja tu, afunge zahanati ya Ngarambo au aiache. Jana jioni kufuli lilikuwa limefunguliwa, na wanawake wawili walikuwa tayari ndani.

Bi Sikudhani alisimamishwa katikati. Koti lilikuwa mkononi mwake, kimo cha bega.

Mara mlangoni pakazuka ugomvi. Mtu mnene wa shati la maua, buti za shambani zina tope, alikuwa akisukumana na mlinzi.

"Niache! Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi yumo ndani tangu asubuhi, mzee," mlinzi akamjibu. "Tafadhali panda bembea."

Waziri akaamuru aingie. Bwana Athanasi Ngwembe akazama kwenye mipira hadi kwenye kitambi, akamnyoshea Bi Sikudhani kidole.

"Mwizi huyu! Kavaa koti langu! Kaghushi! Mheshimiwa, piga simu hiyo, futa kibali!"

"Polepole," Waziri akasema. "Bi Sikudhani. Ni nani aliyetia sahihi hii?"

Bi Sikudhani akalinyoosha koti kola. "Mkurugenzi Aliyepo, Mheshimiwa."

"Mwongo! Mimi sikuwepo!" Bwana Ngwembe akapiga kelele. "Siku hiyo sikuwepo kabisa!"

Mpira mwekundu ukabingirika, ukasimama.

"Rudia, Bwana Ngwembe," Waziri akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonya mtoto aliyesogelea kisima. "Fikiri kwanza, kisha urudie."

"Nasema sikuwepo! Nilikuwa shambani kwangu navuna mananasi! Watu arobaini wameniona!"

"Koti lako lilikuwepo?"

"Koti lilikuwepo, ndiyo, kama kawaida, lakini mimi..."

Hakumaliza. Waziri aliwatazama wajumbe watatu waliokuwa watu. Wajumbe watatu wakatazama yale manne yaliyokuwa makoti. Makatibu muhtasi walioyashika makoti wakatazama dari.

"Mheshimiwa," Bi Sikudhani akasema, "mimi nimefuata Waraka Namba Tisa. Kama Waraka ni batili, nakubali kosa langu na nifungwe. Ila hapo itabidi tuanze kuhesabu. Tuzo nane za Bwana Mkurugenzi. Vikao vyote. Sheria zote zilizopitishwa na makoti. Na ule mkutano wa mwezi wa pili, Mheshimiwa, ambao koti lako ndilo lililoufungua."

Kwa mbali yalisikika maporomoko ya Idara ya Ukame.

Waziri akafuta jasho, ingawa kulikuwa na baridi. Akauinua mkono wa simu. Bi Sikudhani akafumba macho.

"Mkuu wa wilaya? Eeh. Kibali ni halali. Mkurugenzi alikuwepo. Ndiyo. Aliketi... alisimama akatia sahihi mwenyewe. Iacheni wazi."

"Mheshimiwa!" akalia Bwana Ngwembe.

"Wewe nyamaza. Ulikuwepo." Waziri akaugeukia upande wa wajumbe. "Lakini ndugu wajumbe, huduma imetolewa. Hatuwezi kuliachia hivihivi. Leo kibali kimoja, kesho vitakuwa viwili. Mkosaji lazima apatikane."

Wakashauriana dakika arobaini. Hukumu ikasomwa: Koti la kijivu, la Idara ya Vibali, limepatikana na hatia ya kutoa huduma bila kuchelewa. Adhabu yake ni uhamisho wa kudumu kwenda kituo cha mbali kuliko vyote, yaani Ngarambo. Makoti manne yaliunga mkono. Na kwa kuwa koti haliwezi kusafiri bila mtunzaji, Bi Sikudhani Mtawali atafuatana nalo.

*

Bwana Ngwembe alibaki. Kesho yake, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alifika kazini saa mbili kamili, amekasirika, yuko tayari kuongoza. Alipanda ghorofa tisa. Mzee Pongwa alimtazama mabegani, akamtazama kifuani, akatikisa kichwa.

"Mkurugenzi kahamishwa, mzee wangu. Hayupo."

"Pongwa! Unanijua mimi!"

"Sura naijua. Koti je?"

Akashuka, akaenda kushona jipya. Lakini koti jipya halimo kwenye rejista ya makoti, na kuliingiza kunahitaji kibali, na kibali hutolewa na Mkurugenzi Aliyepo. Akaambiwa apande bembea asubiri. Wanaopita mapokezi husema yumo bado, shati la maua, akienda mbele na kurudi nyuma, na kwamba amezoea.

Mwaka huohuo majaji wa kimataifa walikuja kutazama Kiota cha Ubunifu. Walizunguka ghorofa zote tisa wasikute mtu. Wakaandika kwamba hawajapata kuona ofisi yenye utulivu kama ile, wakaipa nishani.

Bi Sikudhani alivuka Lukwale kwa pantoni la mwisho. Maji ya kahawia yalikuwa yanagonga ubavuni, koti limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Zahanati ya Ngarambo ilikuwa na mlango mmoja, madirisha mawili, na benchi nje. Hakuna aliyeibuni. Ndani, kando ya meza ya muuguzi, kilikuwepo kiti cha mbao, mguu mmoja mfupi umekingiwa tofali.

Bi Sikudhani alikitazama kiti hicho kwa muda mrefu. Kisha akalitoa koti, akalipiga brashi, akalitundika mgongoni mwa kiti, kola ikatazama dirisha.

Asubuhi ya siku ya sita, mvua ikipiga bati, nyuma ya pazia mtoto akalia. Bi Semeni akatokeza kichwa.

"Sikudhani! Shuka zote zimelowa, na huyu ananitetemekea. Lete hilo koti."

"Koti la serikali, mama."

"Na huyu ni wa nani? Lete."

Akalipeleka. Bi Semeni akamfunga mtoto ndani ya sufu ya kijivu, akamlaza kitandani ubavuni kwa mama yake. Akashika ncha ya kanga, akafungua fundo la tatu kwa meno. Yakabaki matano, na vitanda viwili, na Lukwale ukaachwa ujae ulivyotaka.

Muuguzi, mikono yake ikiwa bado majini, akamwomba Bi Sikudhani mwenye mwandiko mzuri amjazie daftari la vizazi. Akajaza tarehe. Akajaza uzito, kilo mbili na robo tatu. Akafika kwenye safu ya mwisho: Ofisa wa Serikali Aliyekuwepo.

Akalitazama koti. Lilikuwa likipanda na kushuka, kidogo kidogo. Miaka kumi na moja alilitunza, hakuwahi kuliona likipumua.

Akaandika: Mkurugenzi wa Vibali. Yupo.